Piano Haimsubiri Mwimbaji

Mambo yaliharibika studioni kwenye wimbo wa mwisho, na wa kwanza kulaumiwa alikuwa mpiga dramu.

"Junius, umelala?" Sauti ya Bwana Rifkind ilitoka kwenye spika iliyotundikwa juu ya mlango. Rifkind ndiye mwenye kampuni ya santuri. Alikaa upande wa pili wa kioo na fundi wake wa mitambo, sandwichi mkononi, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. "Wimbo unaanza vizuri, ukifika katikati unatambaa. Mwendo unashuka. Turudie."

"Mimi nimelala?" Junius aliweka vijiti vyake juu ya goti. "Mzee, mimi nimepiga kwenye harusi ambayo shemeji wa bwana harusi alimrukia mpishi, meza zikapinduka, na mwendo haukushuka."

"Basi leo umeshuka."

"Haukushukia kwangu!"

Odessa Pruitt, mwimbaji, alisimama mbele ya maikrofoni. Alikuwa pekupeku, viatu kavipanga pembeni, maana hakuweza kuimba akiwa amevaa viatu. Alijua kabisa Junius hana kosa. Hosea, mpiga besi, alijua pia, ndiyo maana alikuwa anakagua dari kana kwamba ameambiwa ainunue. Aliyeuharibu wimbo alikuwa Thaddeus Bonner kwenye piano, na huyo Thad ndiye mwanamume aliyetarajiwa kumwoa Odessa mwezi wa Juni.

Inafaa ieleweke Odessa alivyokuwa akiimba. Hakuwahi kufika pamoja na mdundo. Mdundo ulitangulia, naye akaja nyuma taratibu kama mtu aliyeitwa chakula na bado ana shughuli zake, na pale msikilizaji anapoanza kupata wasiwasi, neno likatua mahali pake. Watu wa Upande wa Kusini wa Chicago walijaza vilabu kwa ajili ya kuchelewa huko. Lakini mchezo huo una sharti moja, nalo halina mjadala: wapigaji wasimsubiri. Piano ikimsubiri mwimbaji anayechelewa, mwimbaji naye anachelewa zaidi, wimbo wote unalala chini. Kila mpiga piano mgeni aliyemsindikiza Odessa alifanya kosa hilo, tena kwa adabu na nia njema. Thad hakuwahi kulifanya tangu siku ya kwanza walipokutana, na kwa kweli hapo ndipo Odessa alipompendea.

Leo alikuwa anamsubiri.

Santuri ile ilikuwa imekwisha kabisa isipokuwa wimbo huo mmoja. Nyimbo zake nyingi zilikuwa zile kongwe za mapenzi ambazo kila mwimbaji wa jazi lazima azipitie, zilizoimbwa mpaka zikachakaa na bado watu wanazitaka. Humo kulikuwa na bluzi tatu, zile nyimbo za majonzi za vilabuni, na ya tatu, "Taa ya Jikoni", Odessa aliitunga mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyotarajiwa kuipa santuri jina lake, na sura ya Odessa ingekaa kwenye jalada juu ya maneno hayo.

"Tunarekodi," alisema Rifkind.

Thad akaingia, besi ikamfuata, Odessa akafumba macho.

*Umeondoka, na taa ya jikoni umeiacha ikiwaka.*
*Nasema umeondoka, na taa ya jikoni umeiacha ikiwaka.*
*Nikiizima, bwana, nitakuwa nimekubali umetoka.*

Kwenye "ikiwaka" ya pili alirudi nyuma kama kawaida yake, kisha akafumbua macho makusudi. Akauona mkono wa kushoto wa Thad. Ulikuwa umesimama hewani juu ya piano, unamngoja. Odessa akaacha kuimba.

"Tunapumzika kidogo, Bwana Rifkind," alisema.

"Tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza!"

"Tunapumzika."

Hosea aliegemeza besi yake ukutani. "Junius, twende tukatafute samaki wa kukaanga pale kona."

"Sina njaa."

"Unayo. Nyanyuka."

Junius alitazama piano, akamtazama Odessa, akagundua kwamba njaa anayo. Wakatoka. Odessa alingoja mlango ufunge, akageukia kioo. "Na wewe mzee wangu, zima maikrofoni. Hii haitauzika."

Nyuma ya kioo Rifkind alimwashiria fundi kwa kichwa. Taa nyekundu ikazimika.

"Unanisubiri," Odessa alisema.

Thad alikuwa anafuta piano kwa leso, piano ambayo haikuwa na vumbi. "Nani kasema?"

"Thad."

"Leo umechelewa kupita kiasi."

"Mimi nachelewa siku zote. Hiyo ndiyo kazi yangu. Umenisubiri kwenye ubeti wa kwanza, na wa pili ndiyo kabisa, ulikuwa unakaribia kuniletea kiti. Tangu lini unanionea huruma?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Odessa aliyajua macho yale vizuri, yakicheka na yakiwa na hasira, na yale ya asubuhi yasiyotaka kusemeshwa mpaka kahawa. Haya ya leo hakuwahi kuyaona. Yalikuwa yanampitia polepole, nywele, shingo, mikono, kama ya mtu anayezunguka nyumba aliyokwisha kuihama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Los Angeles." Hakujaribu hata kudanganya. "Kuna bendi kule imekosa mpiga piano. Napanda treni Jumamosi jioni."

"Jumamosi hii?"

"Hii."

"Na harusi je? Nayo umeikatia tiketi?"

"Dessa…"

"Usiniite Dessa. Jibu."

Thad aliikunja ile leso, akaikunjua. "Mama yako alikuja kwangu."

Odessa alivuta kigoda cha Junius akakaa. Mama yake, Lavinia Pruitt, alikuwa mama wa kanisa pale Baptisti ya Eshkoli, mwanamke anayevaa nyeupe kila Jumapili na kuketi kiti cha mbele, na ambaye mchungaji mwenyewe huomba ushauri wake kabla ya kupaka rangi ukuta. Hakuwa mtu wa kupanda ngazi za nyumba ya kupanga na kubisha mlango wa mpiga piano wa vilabu.

"Alikuja lini?"

"Jumapili baada ya ibada. Amevaa nyeupe yake, kofia na kila kitu. Ameshika pai ya viazi vitamu."

"Alikuletea pai."

"Aliniletea."

"Ukaila?"

Thad alisita. "Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Nusu. Dessa, ilikuwa bado ya moto!"

"Mungu wangu. Mwanamume mzima, mama ameninunua kwako kwa pai."

"Sikiliza basi alichosema." Thad aligeuka kwenye kiti, magoti yake yakaelekea kwa Odessa. "Alisema mashemasi wamekwisha kukaa kikao. Santuri yenye bluzi, na sura yako juu yake, hawawezi kufumba macho. Jumapili hii watakunyamazisha. Utatolewa kwenye kwaya, utakaa benchi la nyuma, hutaimba, hutasalimu wageni mlangoni, hutashiriki meza ya Bwana."

"Hilo nalijua."

"Unalijua?"

"Kila mtu Eshkoli analijua, Thad. Nusu ya hao mashemasi wananunua santuri zangu Jumamosi, Jumapili wanaziombea. Endelea."

"Alisema mtu akishawekwa benchi la nyuma anaweza kurudi. Anasimama mbele ya watu, anaomba radhi, anaahidi kuacha, anarudishwa. Kasema wewe ungeweza kurudi. Lakini ukiolewa na mimi hutarudi kamwe, kwa sababu kila jioni utakuwa unakwenda nami mahali penye moshi na pombe, na utakufa umekaa kwenye benchi lile. Hakupiga kelele. Alilia, Odessa. Mimi sijawahi kumwona yule mama akilia. Akaniuliza kama nakupenda. Nikasema nakupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Akasema, basi mwache arudi nyumbani."

"Na wewe ukasema sawa."

"Nikasema sawa."

Hasira ilikuwa imempanda Odessa mpaka masikioni, lakini hakutaka kuipigia makelele. Sauti yake ilikuwa na kazi bado siku hiyo.

"Kwa hiyo mlikaa, wewe na mama, na sahani ya pai katikati, mkanigawa," alisema. "Yeye akachukua Jumapili, wewe ukachukua treni. Mimi mwenyewe sikuitwa hata kuja kuosha vyombo."

"Mimi mama yangu amekufa," Thad alisema. "Nisingependa upoteze wako kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako! Huu ndio ujinga wenu nyote wawili. Wimbo nimeutunga mimi. Usiku ule naandika ule mstari wa taa nilijua kabisa unanipeleka benchi la nyuma, nikauandika. Hilo benchi ni langu. Hujalinunua wewe na huwezi kuniuzia."

"Nakupenda. Ndiyo maana…"

"Usiniambie ndiyo maana." Aliinuka akaja mpaka kwenye piano, akaweka viganja vyake juu ya kifuniko. "Nitakwambia kitu ambacho sikuwahi kukwambia, kwa sababu ungeringa. Wapiga piano wote wa mji huu wananisubiri. Nikirudi nyuma kidogo tu, wanasimama, kana kwamba nimepotea na wanakuja kunitafuta na taa. Wewe ulikuwa unakwenda zako. Hukugeuka. Ulijua nitafika. Nikiwa nyuma yako hivyo najiona mtu mzima, Thad. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu yeyote, hata mama. Na leo unanisubiri kama wale wengine."

Macho ya Thad yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta kwa leso ile aliyokuwa nayo mkononi muda wote.

"Sasa sikiliza," Odessa alisema. "Ukitaka kupanda treni, panda. Sitakuja stesheni kukulilia mbele ya wabeba mizigo. Lakini huu wimbo ni wangu, na leo utaupiga unavyopigwa."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ni yako. Mimi nazungumzia wimbo."

Hosea na Junius walirudi wananuka samaki, wakakuta kila mtu yuko mahali pake. Hakuna aliyeuliza. Taa nyekundu ikawaka.

Safari hii Thad alikwenda. Odessa alipoanza kurudi nyuma, piano haikugeuka, ilitembea mbele kwa mwendo uleule, mzito na wa uhakika, na yeye akazidi kuchelewa, akachelewa mahali ambapo hata yeye hakuwahi kuthubutu, mpaka Hosea akafumbua jicho moja. Kisha neno likatua, mahali pake hasa, na Thad alikuwa pale. Kwenye ubeti wa mwisho, ule wa mwanamke anayekula peke yake chini ya taa ileile, sauti ya Odessa ilikwaruza, naye hakuificha. Aliacha isikike.

Hakuna aliyejongea mpaka mlio wa mwisho wa toazi la Junius ulipokufa.

"Huo!" Rifkind alisema kwenye spika. Sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake, nacho hakikuwa sandwichi. "Huo ndio wimbo. Unaona, Junius? Ukiamka, mambo yanakwenda."

"Nitampiga huyu mzee," Junius alimwambia Hosea. "Nishikilie."

Thad alifunga piano, akachukua kofia yake. Alipompita Odessa alisimama karibu kabisa, na kwa muda Odessa alidhani atamgusa shavu, na akataka amguse kuliko alivyotaka santuri yenyewe.

"Ulifika," Thad alisema.

"Si nilikwambia."

Akavaa kofia akatoka. Odessa alivaa viatu vyake, akaenda msalani, akalia, akanawa uso, akarudi kumshukuru kila mtu kwa kazi nzuri.

*

Fundi alimkatia sahani ya majaribio, santuri nyeusi isiyo na jina wala jalada, na siku iliyofuata Odessa akaipeleka kwa mama yake. Mama Lavinia alikuwa jikoni anachambua majani ya sukuma wiki, rundo kubwa, maana alikuwa akipikia nusu ya mtaa.

"Ulikula pai na Thad," Odessa alisema badala ya salamu.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mama. Ulikula pai na Thad."

"Mimi sikula. Alikula yeye. Kijana ana njaa yule." Mama Lavinia alitupa mshipa wa jani kwenye bakuli. "Amekwambia?"

"Nilimbana. Anaondoka kesho."

Mama yake aliitikia kwa kichwa. Kama alikuwa na furaha, haikuonekana, na Odessa alikuwa amejiandaa kuichukia furaha hiyo tangu asubuhi, akabaki hana la kufanya nayo.

"Nimekuja na santuri."

"Weka mezani."

"Nataka uisikilize."

"Kwenye gramafoni ya baba yako? Gramafoni ya shemasi?"

"Mama, gramafoni ya baba imepiga mengi wewe ukiwa kwenye mazoezi ya kwaya."

"Najua. Nilikuwa naisikia tangu kona ya barabara. Marehemu hakuwa na haraka ya kuzima." Akachukua jani jingine. "Haya, weka. Lakini mimi naendelea na kazi yangu."

Odessa akaweka sindano. Piano ya Thad iliingia jikoni mle, na kwa dakika ile alitamani angekuwa mahali pengine. Alisimama ameegemea friji, anatazama mikono ya mama yake. Mikono iliendelea kuchambua, ubeti wa kwanza, mstari wa kwanza. Kwenye "ikiwaka" ya pili ikatulia. Haikuchambua tena mpaka wimbo ulipokwisha na sindano ikabaki inakwaruza.

"Pale umechelewa," Mama Lavinia alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umechelewa sana. Na piano imekwenda zake."

"Ndiyo."

"Nani kakufundisha kuchelewa hivyo?"

"Kuna mwanamke mmoja Eshkoli, anavaa nyeupe," Odessa alisema. "Zile tenzi za zamani, zisizo na kinanda. Anasimama, anautoa mstari upesi, anakwenda zake. Kanisa zima linamfuata nyuma linaburuta, kila mtu kwa mwendo wake, na likifika mwisho yeye amekwisha kutoa mwingine. Hajawahi kumsubiri mtu. Nilikuwa na miaka mitano nimekaa pajani kwa baba, nikadhani ndivyo watu wote duniani wanavyoimba."

Mama Lavinia alifuta mikono yake kwenye aproni.

"Usinifananishe na kilabu," alisema, lakini bila nguvu.

"Sikufananishi. Nakwambia nilikoipata."

"Jumapili watakuita jina. Sitawazuia."

"Sijaja kuomba uwazuie."

"Umekuja kuomba nini, basi?"

"Usipande tena ngazi za Thad na pai."

"Si anaondoka?"

"Hata akiondoka. Hata akirudi. Mwanamume nitakayemwacha, nitamwacha mwenyewe. Nampenda, mama. Nampenda mpaka kula nashindwa, na wewe ulikwenda ukampa chakula."

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. "Ulimsihi abaki?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Wewe ungemsihi?"

Mama Lavinia alirudi kwenye sukuma yake. "Usisahau santuri yako," alisema.

"Ni yako hiyo."

"Sina pa kuiweka."

"Chini ya kitanda, mama, pale baba alipokuwa anaweka zake. Lazima pana nafasi."

Mdomo wa mama yake ulitikisika upande mmoja. Odessa akatoka kabla haujanyooka.

*

Jumamosi jioni, saa ya treni, Odessa alikuwa anapiga pasi gauni lake la kijivu. Alilipiga pasi mpaka likaanza kung'aa. Hakwenda stesheni.

Jumapili jina lake likaitwa. Mchungaji Tolliver alilisoma haraka akiangalia karatasi, kama mtu anayemeza dawa, na Odessa akainuka kwenye viti vya kwaya, akavua joho, akatembea mpaka benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Benchi lile lilikuwa la watu wanane na lilikaa watu wanane wakati wa Pasaka tu. Siku nyingine lilikuwa la walionyamazishwa, na hakuna aliyeketi nao. Watu walimsalimu kwa nyusi.

Alidhani atayavumilia yote, na aliyavumilia, mpaka mama yake aliposimama mbele na kuutoa utenzi. Ule mstari wa kwanza uliruka kanisani, kavu na wa haraka, na watu wakaupokea, wakaanza kuuburuta, sauti juu ya sauti, kama lori zito linalopanda kilima. Odessa alifunga mdomo. Hapo ndipo alipojua kwamba treni ya Jumamosi haikuwa imemuumiza kama jambo hili. Alikuwa amempoteza mwanamume, na sasa hata kulia kwa sauti ya wimbo hawezi.

Mlango ukafunguka nyuma yake.

Mtu aliingia, akavua kofia, akatazama viti vyote vilivyojaa na benchi moja tupu, akaja kukaa kando yake. Odessa hakugeuka. Alijua harufu ya sabuni ile.

"Treni ilikuwa jana," alinong'ona.

"Niliiona," Thad alinong'ona. "Iliondoka vizuri."

"Kwa nini hukupanda?"

"Nilikaa pale natazama mlango. Nikasema, akija kunisihi, sitakwenda. Hukuja. Nikasema, basi, nipande. Nikaweka mguu ngazini, ndipo nikakuelewa. Mimi nilikuwa naondoka ili upate njia, na wewe hukuwahi kuniomba njia."

"Na mama?"

"Mama yako nilimwambia sawa kwa tumbo, si kwa akili. Nitamrudishia sahani yake na kumwambia hivyo hivyo."

"Umechelewa lakini."

"Ulinisubiri?"

"Sikukusubiri."

"Vizuri," alisema Thad, na bega lake likagusa lake.

Dada mmoja wa glavu nyeupe, mkaribisha wageni, aliwainamia. "Hapa ni nyumba ya Mungu. Nyamazeni, au imbeni."

Alikwenda. Thad alimtazama Odessa. "Mbona huimbi?"

"Nimenyamazishwa. Si ndiyo maana niko hapa?"

"Na mimi?"

"Wewe si muumini. Nani atakunyamazisha?"

Odessa alisema hivyo bila kufikiri, na alijuta papo hapo, maana Thad Bonner alikuwa na mikono ya malaika na sauti ya bawaba yenye kutu. Vilabuni Hosea alimkataza hata kuhesabu mwendo kwa sauti. Lakini Thad aliweka kofia gotini, akavuta pumzi, na mstari uliofuata ulipotolewa mbele, akaimba.

Vichwa viligeuka, safu baada ya safu. Hakujua maneno vizuri, hakuwa amekanyaga kanisani tangu alipomzika mama yake, na kila neno alilidaka kwa wengine baada ya wao kulimaliza. Hakuchelewa kwa ufundi. Alichelewa kwa sababu hajui. Alikuwa anaimba mahali pa Odessa, kwa nguvu zake zote, vibaya kabisa, akitazama mbele. Odessa aliuma mdomo wa chini mpaka ukauma kweli. Machozi yalimtoka, na hakuyazuia, kwa kuwa mashemasi hawakuyakataza hayo.

Kanisa likaufikisha mstari mwisho, likatulia. Sauti moja tu ilikuwa bado njiani, kule nyuma, inatafuta neno.

Mama Lavinia alikuwa amekwisha kufungua mdomo kutoa mstari mwingine. Watu wote walijua atautoa. Wazee waliozeeka wakimfuata nyuma, na mumewe mpaka siku anakufa, hawakuwahi kuona akifanya vinginevyo. Alitazama juu ya vichwa vyote, mpaka kwenye benchi la nyuma, kwa binti yake aliyekaa na mdomo umefungwa, na kwa mwanamume aliyekuwa anahangaika pembeni yake.

Akafunga mdomo. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akasimama kimya, na kanisa zima likatulia kimya pamoja naye. Akamsubiri Thad afike.